Mbio za Saa Nne: Namna ya Kupima Mzigo wa Tabibu Kituoni

Ukiuliza katika kituo chochote cha afya baina ya Maruhubi na Bububu kama kazi ilikuwa nyingi leo, utajibiwa kwa idadi. “Tumeona hamsini na mbili.” Kesho yake utaambiwa hamsini na tatu, na yule yule aliyekujibu jana huku anacheka atakujibu leo kainamisha kichwa mezani. Wagonjwa wamezidi mmoja tu. Kilichozidi hasa ni kitu kingine, na hicho rejesta haikiandiki.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa dhamana ya kituo hapa Mtoni, Zanzibar, au uliye katika timu ya afya ya Wilaya ya Magharibi A, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) unayetafuta mada ya mradi. Utahitaji karatasi, penseli, saa ya ukutani inayokwenda sawa, na siku 10 za kazi. Kompyuta si lazima.

Kwanza tuelewane ni nani anayepimwa. Vitabu vya kigeni vinasema “daktari wa huduma ya msingi” na vinamfikiria mtu mwenye shahada ya udaktari na katibu wake nje. Kwetu anayekaa kwenye kiti kile mara nyingi ni ofisa tabibu, na siku asipokuwepo ni muuguzi au mkunga. Mgonjwa anawaita wote “dokta” na hana kosa, kwa sababu wote wanaamua juu ya mwili wake. Kwa hiyo pima kiti, usipime cheo. Yeyote aliyekalia kiti cha kuamua siku hiyo ndiye mtu wako.

Sasa chukua saa nne na dakika 10 ya siku ya kawaida. Bibi kaleta mjukuu mwenye homa. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mwanangu, huyu kaamka anachemka.” Tabibu anauliza kama mtoto anaweza kunyonya au kunywa, kama anatapika kila anachopewa, kama amepata degedege, kama amelegea au haamki vizuri. Hizo ni dalili za hatari ambazo huulizwa kwa kila mtoto mgonjwa, hata yule anayevuta stetoskopu na kucheka. Kwa kuwa anakohoa, pumzi zake zinahesabiwa dakika nzima, macho kifuani, na dakika hiyo haina pa kukatwa. Kisha kidole kinatobolewa, tone la damu linatiwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na juu ya kipimo linaandikwa jina na saa: 4:14. Jibu lisomwe baada ya dakika 15 au 20, kutegemea aina ya kipimo. Ukisoma mapema unaweza kulikosa. Ukichelewa mno linaweza kukudanganya.

Bibi anasogea pembeni kusubiri, lakini kabla hajakaa anasema, hebu nipime na mimi presha, dawa zangu zimeisha tangu wiki iliyopita. Presha imepanda, ipimwe tena akishatulia. Anaingia kijana ambaye ana jambo la siri, na kama kawaida anaanza kwa kusema anaumwa tumbo. Mlango unafunguliwa: “Dokta samahani, saini tu hapa.” Simu inalia, wilayani wanauliza ripoti ya mwezi. Mtoto wa pili mwenye homa anapitishwa na kipimo chake kinaandikwa 4:23.

Hesabu vitu vilivyobaki wazi ndani ya kichwa kimoja: vipimo viwili vyenye saa tofauti, presha ya bibi ya kurudiwa, siri ya kijana ambayo haijatoka bado, ripoti ya wilaya, na pengine kumkumbusha muuguzi kwamba dawa fulani inakaribia kwisha. Katika rejesta, mpaka dakika hiyo, hakuna hata jina moja lililokamilika.

Na kipimo kikitoa mistari miwili je? Zanzibar imeibana malaria kiasi kwamba kila mgonjwa anahesabika. Tangu 2008 vituo vinaripoti kwa simu, na kila mgonjwa aliyethibitika hutolewa taarifa ndani ya saa 24 ili ofisa amfuate hadi nyumbani na kupima wanaoishi naye. Ni kazi ambayo visiwa hivi vina haki ya kujivunia. Lakini ina uzito, na uzito huo unaanzia kwenye kiti kile kile.

Vitu vya kupima ni vitatu: dakika, kukatizwa, na hali ya kichwa.

Dakika ndizo rahisi. Mweke mtu mlangoni aandike saa ambayo mgonjwa ameingia na saa ambayo ametoka, basi. Asiandike jina wala ugonjwa. Kwa siku 10 utapata muda wa kila aliyeonana na tabibu, nawe utashangaa jinsi unavyopishana. Utafiti uliochapishwa 2017 katika jarida la BMJ Open ulikusanya muda wa mgonjwa kuonana na daktari wa huduma ya msingi katika nchi 67: Bangladesh sekunde 48, Uswidi dakika 22 na nusu. Nchi 18 zenye karibu nusu ya watu wa dunia zilikuwa dakika 5 au chini yake.

Kabla hujaanza kuona haya au kujisifu, fanya hesabu ya kituo chako. Tuseme saa za kuona wagonjwa ni tano, yaani dakika 300, na wagonjwa ni 50. Kwa macho ni dakika 6 kwa kila mmoja. Toa uandishi wa rejesta, dakika moja na nusu kwa kila jina: zimekwenda 75. Toa kukatizwa mara 30, kila mara dakika moja: zimekwenda 30 nyengine. Zimebaki 195, chini ya dakika 4 kwa mgonjwa, na humo ndani mna salamu. Usiziondoe salamu. Kuna wapimaji wanaoziandika kama muda uliopotea; hao hawajawahi kumtibu bibi wa Mtoni. Bibi asiyeamkiwa hasemi kwamba dawa alimpa jirani.

Kukatizwa kunahesabiwa kwa vijiti: kila mlango unapofunguliwa na asiyeitwa, kijiti, kila simu, kijiti, kila “dokta mara moja tu”, kijiti. Vitano funga fungu. Pembeni andika herufi moja ya sababu: S kwa saini, D kwa dawa, W kwa wilaya, J kwa jamaa na jirani. Usiidharau hiyo ya mwisho. Tabibu anayeishi mtaa ule ule anaofanyia kazi hana mlango. Kuna anayekuja na kuku wa shukrani, kuna anayetaka nauli, kuna mjomba wa mke wake ambaye hapangi foleni. Usiwaandike hao kwa hasira. Waandike kwa vijiti.

Hali ya kichwa ndiyo kazi yenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi duniani hakikuzaliwa hospitalini. Sandra Hart na Lowell Staveland walikitoa 1988, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha NASA huko California, kwa ajili ya marubani na watu wa mitambo. Kinaitwa NASA-TLX. Kina mistari sita, kila mmoja umegawanywa vipande 20, nawe unatia alama pale unapohisi ulikuwa: kazi ya kichwa, kazi ya mwili, mbio za saa, namna kazi ilivyotoka, jinsi ulivyojikaza, na kero. Hesabu vipande kutoka kushoto, zidisha kwa 5, na kila mstari utapata alama kati ya 0 na 100.

Mfano: tabibu wetu wa saa nne ametia 14, 4, 17, 6, 13 na 12. Jumla ni 66. Mara 5 ni 330. Gawa kwa 6, ni 55. Kipimo cha asili kina hatua ya ziada ya kulinganisha mistari miwili miwili, jozi 15, ili kila mstari upewe uzito wake. Mimi nakushauri uiache. Watafiti wengi wameiacha na wastani wa kawaida unawatosha, na mtu mwenye watu 20 ukumbini hana subira ya jozi 15.

Shida yako haitakuwa hesabu. Itakuwa Kiswahili.

Chukua mstari wa tano. Wengi huutafsiri “juhudi”, na hapo ndipo kipimo kinapovunjika, maana kwetu juhudi ni sifa. Ni neno la ripoti ya skuli: mtoto huyu ana juhudi. Mwulize muuguzi alikuwa na juhudi kiasi gani, ataweka alama mwisho wa mstari na anastahili, lakini hajakuambia kitu. Uliza hivi: “Ulijikaza kiasi gani mpaka kazi ikaenda?” Mtu aliyejikaza mno kwa kazi iliyokuwa ndogo anakuambia habari.

Mstari wa nne una mtego wake: umegeuzwa. Mistari mingine, kulia ni kubaya kwa sababu ni kwingi. Huu nao kulia ni kubaya, lakini swali lake ni la mafanikio, na mkono wa mtu aliyefanya vizuri unakwenda kulia wenyewe. Usiandike “mafanikio”. Andika “Kazi imetokaje?” na chini ya mwanzo wa mstari weka “kama nilivyotaka”, chini ya mwisho weka “sivyo kabisa”. Hata hivyo mpe kila mtu karatasi moja ya majaribio kabla ya siku ya kwanza.

Na mstari wa sita: “mfadhaiko” ni neno la kitabu na la ugonjwa wa akili, mtu ataogopa kulitilia alama. “Kero” kila mtu analijua. “Mbio za saa” nayo inatosha kwa mstari wa tatu. “Shinikizo la muda” waachie wanaoandika ripoti.

Ukishaandika maswali yako, usiyapeleke kwa mwalimu wa lugha kwanza. Yapeleke kwa watu watatu wanaofanya kazi hiyo, kila mmoja peke yake, na umwambie: nisomee swali hili halafu niambie kwa maneno yako linauliza nini. Wawili wakikuambia vitu viwili, swali halijaiva.

Kuna jambo jengine lisiloandikwa katika maelekezo ya Marekani. Ukimwuliza Mzanzibari kama amechoka, atakuambia Alhamdulillahi. Salamu yetu yenyewe imejengwa juu ya kukana: hujambo, sijambo, huna jambo, sina jambo. Mtu anaweza kuwa na homa ya nyuzi 39 na akakujibu hajambo. Kwa hiyo usiulize kwa mdomo, na usiulize “leo vipi”. Karatasi ijazwe kimya, na iulize kipande cha muda kilichopita sasa hivi: saa moja iliyopita, si siku, si wiki. Ukingoja jioni, mtu ameshakunywa chai na kusamehe kila kitu.

Mimi ningejaza mara tatu kwa siku, saa nne, saa sita na saa nane mchana. Kujaza kunachukua dakika moja au mbili ukishazoea. Mwekee tabibu karatasi chini ya rejesta, na aliye mlangoni agonge saa ikifika, azuie foleni mpaka penseli iwekwe chini. Siku mbili za mwanzo zipime lakini usizitumie. Mtu anayejua anatazamwa huvaa koti safi na hukataa simu.

Wagonjwa huja kama maji ya pwani yetu, yana bamvua na maji mafu, na ukipima wiki moja ya maji mafu utaandika ripoti ya uongo bila kusema uongo. Hakikisha Jumatatu mbili zimo na Ijumaa mbili zimo. Jumatatu hubeba mzigo wa siku mbili za mapumziko. Ijumaa hubana, kwa sababu kila mtu, tabibu na mgonjwa, anataka awe ameondoka kabla ya adhana. Siku ya kliniki ya watoto itie alama yake. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, kipime mbali na kipupwe. Ramadhani ni nchi nyengine kabisa: watu huja kwa saa tofauti, wenye sukari huja kuuliza kama wafunge na dawa wazipange vipi, na swali hilo, likijibiwa sawasawa, halijibiwi kwa dakika 4. Pima Ramadhani kama una hamu ya kuijua Ramadhani, lakini usiichanganye na miezi mingine ukatoa wastani.

Sasa siri. Kitabu kitakuambia uondoe majina uweke namba. Katika kituo chenye watu watatu, namba haifichi chochote. Kila mtu anajua mwandiko wa mwenziwe, na anajua nani alikuwa zamu. Karatasi zitiwe katika sanduku lililofungwa na zihesabiwe na mtu wa kituo chengine. Matokeo yatolewe kwa saa, si kwa mtu: “saa nne ya Jumatatu, 68”, isiwe “fulani, 68”. Na kabla ya yote, daktari dhamana wa wilaya aridhie kwa maandishi kwamba karatasi hizi hazitatumika kumhamisha mtu wala kumnyima kupanda daraja. Bila hilo utapata mistari iliyojazwa katikati, yote kumi kumi, nawe utadhani kituo kina amani. Ikiwa unakusudia kuchapisha au kuandikia shahada, hiyo tayari ni utafiti, na njia yake inapita Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, kwa kibali cha maadili. Kupima kwa ajili ya kurekebisha kituo chako ni jambo dogo zaidi, lakini mwulize dhamana wako, usijiamulie.

Siku 10 zikiisha utakuwa na siku 8 za kutumia, karatasi 24 kwa kila kiti. Usikimbilie wastani. Chora: chini weka saa, wima weka alama, na kila karatasi iwe nukta moja. Kisha juu ya mchoro huo huo weka vijiti vya kukatizwa na idadi ya wagonjwa wa saa ile. Unachotafuta ni mahali ambapo mistari haiendi pamoja. Saa yenye wagonjwa 12 na alama 40, na saa yenye wagonjwa 7 na alama 70, ndipo pa kukaa na kuuliza. Mara nyingi utakuta mambo matatu hapo: wagonjwa wa presha na sukari waliokusanyika bila ratiba, vipimo vinavyosubiri kusomwa, na mlango.

Alama gani ni mbaya? Hakuna mstari mwekundu unaokubaliwa na wote, na ukikutana na mtu anayekupa mmoja kwa kituo cha Zanzibar, mwulize kautoa wapi. Kilichoonekana Marekani, katika utafiti wa 2021 uliochukua madaktari zaidi ya 5,000 kwa kutumia baadhi ya mistari ya NASA-TLX, ni kwamba alama ya mzigo ikiwa chini kwa asilimia 10 ya kipimo chote, uwezekano wa daktari kuwa katika hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi ulikuwa chini kwa asilimia 33. Hiyo ni hali ya vitu viwili kwenda pamoja, haithibitishi kwamba kimoja kimezaa chengine. Wewe jilinganishe na wewe mwenyewe: kabla ya mabadiliko na baada yake.

Ukitaka kuomba mfanyakazi wa ziada, karatasi hizi peke yake hazitafungua mlango wa Wizara. Huko wanataka lugha ya WISN, kipimo cha Shirika la Afya Duniani kilichotolewa 1998 na kufanyiwa marekebisho 2010, kinachogawa muda wa kazi unaopatikana kwa mwaka kwa muda unaohitajika kwa kila huduma, kisha kikagawa idadi ya huduma za mwaka kwa jibu hilo, na kukupa idadi ya watumishi unaostahili. Waliopo ukiwagawa kwa wanaohitajika ukapata chini ya 1, una upungufu. Ni kipimo kizuri, lakini hakijui kwamba dakika 6 za kijana mwenye siri si sawa na dakika 6 za kidonda cha goti. Peleka vyote viwili, WISN mbele na mchoro wako nyuma.

Wakati unasubiri jibu, na utasubiri, yapo yasiyohitaji bajeti. Muuguzi wa ukumbini apime presha, uzito na joto kabla mgonjwa hajaingia, na aandike kwenye kadi. Vipimo vya malaria vikae juu ya meza yake, si ya tabibu, pamoja na saa ndogo ya mezani inayolia. Kichwa kisifanywe kengele. Saini zote zingoje saa sita, ndani ya jalada moja. Wagonjwa wa presha na sukari wapewe siku yao na saa yao, na sheha au wahudumu wa afya wa kujitolea walitangaze hilo mtaani. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua lipi limesaidia. Jambo hilo likishakaa wiki nne, rudia kupima siku zile zile za wiki, saa zile zile, karatasi zile zile.

Karatasi ya kwanza ijaze wewe mwenyewe, kesho saa nne, umekaa kwenye kiti kile na foleni iko nje, kabla hujamwomba mwengine aijaze.